Sekunde Kumi Kwenye Upau wa Taifa

Mgeni alifika Idara ya Vitufe siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amejiandaa kumpokea. Idara ilikuwa na umri wa miaka sita na haikuwahi kutembelewa na mwananchi. Kaunta ya Wananchi ilikuwepo, tena ya mbao za mninga, na kioo chake kilikuwa na tundu la kuongelea, lakini tundu lile lilikuwa likitumika kupitishia vikombe vya chai. Kitabu cha wageni kilikuwa na jina moja tu, la fundi aliyekuja kuitengeneza kaunta.

Mlinzi aliyeitwa Ngwali alimzuia mgeni mlangoni kwa adabu.

"Mama, umepotea."

"Hapa si Idara ya Vitufe?"

"Ndipo hapa."

"Basi sijapotea."

Ngwali akaona hilo ni jambo la kufikiria. Mwongozo wake wa kazi ulikuwa na kurasa tatu kuhusu namna ya kumtoa mtu, na haukuwa na hata mstari mmoja kuhusu namna ya kumwingiza. Akampigia simu Sihaba, kwa sababu katika idara nzima Sihaba ndiye pekee ambaye mtu angeweza kumpigia bila kwanza kumwandikia barua.

Sihaba alikuwa Afisa Vitufe Daraja la Tatu, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye shahada moja na moyo mwepesi wa kuamini. Tasnifu yake ya chuo kikuu iliitwa "Kitufe Kama Daraja Kati ya Serikali na Mwananchi", na ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho kuomba kazi katika idara ile kwa hiari yake. Aliposikia kuna mwananchi mlangoni, alishuka ngazi mbili mbili. Alikuwa amemsubiri mwananchi huyo kwa miaka mitatu.

"Karibu, mama. Karibu sana. Utakunywa chai?"

"Nitakunywa," alisema mgeni, mwanamke wa makamo aliyejifunga khanga mbili na kubeba mkoba wa plastiki. "Ila kwanza niambie. Ninyi ndio mliomchukua mume wangu?"

*

Hapa msomaji aelezwe kidogo, maana nchi yenyewe si ya kuijua kwa kuisikia.

Nchi hiyo ilikuwa na jina, tena jina zuri, lakini mwaka ule jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa mapitio, na mpaka litakaporudi, nyaraka zote ziliagizwa kuiita Nchi Husika. Watu walizoea upesi. Watoto shuleni waliimba "Nchi Husika, twakupenda kwa moyo", na walimu walilengwalengwa na machozi.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, watu wa Nchi Husika waliacha kazi wakakusanyika katika ofisi za kata zao, mbele ya kompyuta ya mezani ya serikali, kutazama filamu ya ziara mojawapo ya Mheshimiwa Mlezi, mkuu wa nchi. Programu ya kuonyeshea filamu hizo iliitwa Kitazamio. Chini ya picha, kama ilivyo katika programu zote za kutazamia video, palikuwa na upau wa vitufe. Upau huo ulikuwa mmoja kwa nchi nzima: ukiupanga upya katika kompyuta ya makao makuu, ulibadilika papo hapo katika kata zote elfu mbili mia tatu na kumi na nne.

Mwanzoni upau ulikuwa na vitufe vingi. Sheria ilisema upau "urekebishwe kulingana na mahitaji ya mtazamaji", na serikali, kwa jinsi inavyompenda mtazamaji, ikaanza kumrekebishia.

Kitufe cha Ondoa kilifutwa wiki ya kwanza bila mjadala. Cha Kinachofuata kilichukua siku mbili zaidi, kwa sababu mjumbe mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa, "Kwani baada ya Mheshimiwa kinafuata nini?" na kikao kikalazimika kuahirishwa ili mjumbe huyo akapumzishwe. Rudisha Nyuma kilidumu mwaka mzima, mpaka siku mtu alipokibonyeza kimakosa wakati wa filamu ya ufunguzi wa shule. Mheshimiwa akaonekana akishuka jukwaani kinyumenyume, utepe alioukata ukajiunga tena, akaingia garini akaenda zake, na shule ikawa haijafunguliwa. Wazazi wa eneo lile walisema hiyo ndiyo sehemu pekee ya filamu inayofanana na shule yao.

Ongeza Kasi kilifutwa ilipogundulika kwamba Mpango wa Maendeleo wa Miaka Kumi unaweza kumalizika kwa dakika mbili, tena kwa sauti ya kifaranga. Mstari wa muda, ule mwembamba unaoonyesha filamu imefika wapi, ulifutwa na watu wa usalama wenyewe, walipoona chini ya uso wa Mheshimiwa maandishi yasemayo "zimebaki dakika nne". Kitufe cha Nyamazisha hakikufutwa. Kilihamishiwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambako ilielezwa kwamba kitatumika vizuri zaidi.

Cha mwisho kufutwa kilikuwa Simamisha. Mtendaji wa kata moja alikibonyeza akaenda msalani, akakutana na jirani njiani, wakazungumza. Kwa dakika arobaini Mheshimiwa alibaki kwenye skrini jicho moja limefumba na mdomo wazi, na mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama wanaweza kwenda nyumbani sasa, kwa kuwa babu amelala.

Vikabaki vitatu: Cheza, Rudia, na Sauti, ambayo ilikuwa ikipanda tu. Rudia kilikuzwa mara nne ili kionekane hata na waliokaa nje.

Kila uamuzi wa namna hiyo ulipitishwa na wajumbe tisa, ukasainiwa, ukapigwa muhuri, kisha karatasi ikashuka ghorofa mbili hadi kwa afisa vitufe, na kwa miaka mitatu sasa afisa huyo alikuwa Sihaba. Sihaba alibonyeza upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Rekebisha", likafunguka dirisha dogo, akakivuta kitufe kilichohukumiwa kutoka kwenye upau mpaka kwenye trei iliyo chini, akabonyeza "Hifadhi". Basi. Wajumbe waliamini kwamba kitufe kilichofutwa kimekufa. Sihaba alijua kwamba vyote vimo kwenye trei, vizima, vimepangana kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa majina. Hakuwahi kulisema hilo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

*

"Naitwa Mwatumu," alisema mgeni, akipuliza chai. "Fundi cherehani, Kata ya Neema. Zamani tuliitwa Ukameni, wakatubadilisha jina siku ile Mheshimiwa alipokuja kufungua kisima."

"Filamu ya kisima naijua," alisema Sihaba. "Inaonyeshwa kila mwezi."

"Basi umemwona Kitwana wangu, ila hukujua. Mheshimiwa anafungua bomba, maji yanatoka, anakunywa, watu wanapiga makofi. Nyuma ya bega lake la kushoto kuna ukuta. Kitwana anachungulia pale, anatabasamu, anarudi. Sekunde moja."

"Alikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi?"

Bi Mwatumu alimtazama Ngwali, kisha akaleta mdomo karibu na tundu la kioo.

"Alikuwa na dumu."

"Dumu la nini?"

"La maji, mwanangu. Kile kisima hakina maji. Hakijawahi kuwa nayo. Walimpa Kitwana dumu la lita ishirini, akawa anamimina kwenye bomba kutoka nyuma ya ukuta, taratibu, ili bomba lisije likakohoa mbele ya wageni."

Sihaba hakujua acheke au afunge dirisha. "Na alimimina vizuri?"

"Hakumwaga hata tone. Alikuwa mtu makini sana." Akanywa chai kidogo. "Ndiyo akachungulia aone kama mzee amekunywa. Wakampiga picha bila kujua. Alifariki mwaka wa pili yake. Picha zake nilikuwa nazo mbili. Moja ililiwa na mchwa. Nyingine ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho nimemzika nacho, maana walisema marehemu asiye na kitambulisho hatambuliki."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Mtendaji wetu alikuwa ananisimamishia. Kila ikija filamu ya kisima, watu wakishatawanyika anairudia, anabonyeza, Kitwana anasimama, namtazama mpaka macho yanajaa, narudi kushona. Tangu kitufe kiondoke anapita kama nzi. Nikipepesa, kashapita. Sasa nimeanza kuisahau pua yake." Aliweka kikombe chini. "Ni nani aliyekitoa?"

"Kamati," alisema Sihaba. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kipaji cha uongo, akaongeza, "Na mimi. Wao wanaamua, mimi ndiye ninayevuta."

Bi Mwatumu aliutazama mkono wa Sihaba juu ya kaunta kwa muda.

"Mkono mdogo hivyo," alisema.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Sihaba hakupata usingizi wala hamu ya chakula siku ile. Angeweza kupanda juu wakati uleule na kukivuta kitufe, lakini alikuwa msomi, na wasomi wana ugonjwa wa kutaka jambo jema lifanyike kwa utaratibu mwema. Akachukua Fomu Namba Tisa, Maombi ya Kurejeshewa Kitufe, ambayo haikuwahi kujazwa na mtu. Palipoandikwa "Mhusika ni wa sekta gani?" akajaza kwa mwandiko safi: "Maji."

*

Kamati ilikaa Jumanne. Wajumbe wote tisa walihudhuria, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumwona mwananchi kwa karibu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wa Vitufe, Bwana Chambuso, mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia miradi.

"Bi Mwatumu," alianza, "kwa mujibu wa fomu hii, unaiomba serikali imsimamishe Mheshimiwa Mlezi."

"Hapana, baba. Mume wangu."

"Lakini wako kwenye picha moja."

"Wako."

"Sasa mume wako akisimama, Mheshimiwa atafanya nini?"

"Atasubiri. Kitwana alimsubiri yeye kwa saa sita nzima juani."

Wajumbe waliinamia makaratasi yao. Mjumbe wa upande wa kushoto alikohoa kwa niaba ya kamati.

"Haiwezekani," aliuliza mjumbe mwingine, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, "marehemu akapita polepole zaidi?"

"Dada, hizo hatua alishazipiga."

"Basi apewe cheti," alisema wa tatu. "Kithibitishe kwamba marehemu alionekana. Kiwe na fremu."

"Kitakuwa na pua?" aliuliza Bi Mwatumu.

Ikabidi wapumzike wanywe chai. Waliporudi, Bwana Chambuso alikuwa na uso wa mtu aliyepata mafunuo msalani. Alisimama, akavuta koti.

"Ndugu wajumbe. Serikali sikivu haisemi hapana. Serikali isiyosikia ndiyo husema hapana, na hiyo si yetu. Sisi husema ndiyo, halafu tukaweka utaratibu. Mwananchi huyu amesafiri siku nzima kuja kudai kitufe. Je, arudi mikono mitupu? Hasha. Napendekeza kitufe cha Simamisha kirejeshwe kwenye upau, kwa umbo lake lilelile, rangi yake ileile, mahali pake palepale. Isipokuwa kikibonyezwa, picha iendelee."

Wajumbe walipiga makofi. Mjumbe mwenye miwani miwili alifuta machozi kwa mmoja wao.

"Mwananchi atakuwa na haki kamili ya kubonyeza," aliendelea Bwana Chambuso, akiinua kidole. "Suala la kusimama ni suala pana, na linahitaji utafiti."

Uamuzi ukasainiwa na kupigwa muhuri. Bi Mwatumu aliichukua nakala yake, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Sihaba alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi ya mikoani. Walipofika, mama wa watu alisema:

"Mwanangu, mimi sikusoma sana. Nimekubaliwa au nimekataliwa?"

Sihaba alikuwa ameandaa maelezo. Alikuwa na maneno kama "hatua ya mwanzo" na "mchakato", na kwa kweli aliyaamini kiasi. Lakini alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Alhamisi hii wanaonyesha kisima. Wewe kibonyeze. Atasimama."

"Si wamesema ataendelea?"

"Wamesema wao. Mimi ndiye ninayevuta." Akashangaa kusikia sauti yake ilivyo tulivu. "Unataka asimame kwa muda gani, mama?"

Bi Mwatumu alifikiri kama mtu anayekadiria kitambaa.

"Hesabu ya kumi inanitosha. Sina tamaa."

"Kumi. Nakuahidi. Na nitakaa kwenye simu ya kaunta. Mwambie mtendaji anipigie, nijue kama imekuwa."

*

Ahadi ilikuwa na umri wa saa moja na nusu ilipoanza kupanda bei. Sihaba aliporudi ofisini aliitwa kwa Mkurugenzi.

"Kaa, kaa binti yangu," alisema Bwana Chambuso, ambaye hakuwahi kumkaribisha kiti. "Waziri amefurahi mno. Anasema kitufe chetu ni uvumbuzi. Alhamisi Mheshimiwa Mlezi mwenyewe atakuwa Ukumbi wa Taifa, na Waziri atakibonyeza mbele yake, mbele ya mabalozi, waone wote kwamba katika nchi hii mwananchi ana kitufe, na Mheshimiwa hasimamishwi na kitu chochote. Umeona uzito wake?"

Sihaba aliuona.

"Na hii," Bwana Chambuso aliinua bahasha ya kaki, "ni barua yako ya kuthibitishwa kazini. Miaka mitatu umekuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Nimeisaini jana. Nitakukabidhi Alhamisi mambo yakiisha."

Barua ile Sihaba aliijua kwa ndoto. Bila hiyo hakuwa mfanyakazi, wala mpangaji wa kuaminika, wala mtu wa kumwambia baba yake, mwalimu mstaafu, kwamba masomo yale yalifika mahali. Baba aliuliza kila Jumapili, kwa upole, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema, "kitufe kisichofanya kazi, si kama tunamdanganya mwananchi?"

Bwana Chambuso hakukasirika. Alishika kishikio kilichokuwa chini ya kiti chake.

"Unakiona hiki? Ni cha kuinulia kiti. Tangu nimeletewa hakijawahi kufanya kazi. Lakini kila asubuhi nakivuta, na nakwambia ukweli, najisikia nimepanda." Akakivuta. Kiti kilibaki palepale. "Unaona?"

Jumatano Sihaba aliitengeneza ile picha ya kitufe isiyofanya kitu, kama alivyoagizwa, akaiweka kwenye trei. Ilifanana na kitufe cha kweli kama mapacha. Alhamisi saa tatu na dakika hamsini alifungua dirisha la kurekebisha, Bwana Chambuso akiwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Katika trei vilikaa viwili sawasawa, mistari miwili mifupi iliyosimama bega kwa bega, kimoja cha kweli na kimoja cha kamati.

Sihaba alishika kipanya. Akavuta. Akahifadhi.

"Kizuri," alisema Bwana Chambuso. "Kinaonekana kama cha kweli kabisa."

*

Filamu ilianza saa nne kamili nchini kote. Bwana Chambuso hakuwa amepata kadi ya kuingia ukumbini, hivyo alirudi ofisini kwake kutazama peke yake, huku akisubiri pongezi. Sihaba alihamisha kompyuta yake ndogo ya kazi hadi Kaunta ya Wananchi, akaweka simu mbele yake. Ngwali alileta vikombe viwili, akakaa bila kuuliza. Kwa mlinzi wa serikali, hilo lilikuwa tendo la ujasiri.

Saa nne na dakika kumi na saba simu ililia.

"Hapa ni Kata ya Neema," ilisema sauti ya kijana, yenye furaha iliyobanwa. "Mama Mwatumu amebonyeza. Amesimama. Dada, amesimama kweli. Mama anasema nikuwekee simu hapa usikie."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na chumba kizima kilichojaa watu.

"Huyu si Kitwana?"

"Ndiye. Angalia alivyonyoa."

"Hebu subiri. Mkononi ana nini? Si dumu lile?"

"Dumu la njano."

"Limeelekea kwenye bomba."

"Wee. Kwa hiyo yale maji aliyokunywa mzee…"

"Nilisema mimi. Mwaka mzima nilisema, mkaniambia nina wivu na kisima."

Kicheko kikaanza pembeni, kikapita chumba kizima. Sauti ya Bi Mwatumu ikakikata kama mkasi.

"Nyamazeni, jamani. Sijaanza kuhesabu bado." Kimya kikaingia. "Moja."

Aliitamka taratibu. Alihesabu kama anayetia uzi kwenye sindano.

Bwana Chambuso alitokea kwenye ngazi bila viatu, bahasha ya kaki mkono mmoja na simu ya mkononi kwenye sikio. Kutoka ndani ya simu ile ilisikika sauti ya mtu anayenong'ona bila kusogeza midomo. Alikuwa Katibu wa Itifaki, kutoka ukumbini.

"Amesimama," alisema Bwana Chambuso, macho yamemtoka. "Waziri amebonyeza, na Mheshimiwa wa kwenye picha amesimama. Kikombe mdomoni. Jicho limegeuka. Na itifaki inasema Mheshimiwa akisimama, kila mtu anasimama, hakuna anayesogea mpaka yeye asogee. Ukumbi mzima umeganda. Mabalozi wameganda. Waziri kidole kiko hewani. Mheshimiwa mwenyewe ameganda, maana hajui kama anaruhusiwa kusogea kabla ya picha yake. Umefanya nini, Sihaba?"

"Nimeweka kile kingine, Ndugu Mkurugenzi."

"Kiondoe."

Sihaba alijua kwamba inatosha kuvuta mara moja. Upau ukibadilishwa, filamu zote zilizosimama huanza kutembea, ukumbini na Neema kwa pamoja. Hakukuwa na njia ya kuuachia ukumbi bila kumwachia Kitwana.

"Tatu," ilisema simu ya kaunta.

"Nitakiondoa," alisema Sihaba. "Naomba unisubiri mpaka kumi."

"Kumi nini?"

"Hesabu ya mama. Tuko tatu."

Bwana Chambuso alimsukuma kwa kiwiko, akakishika kipanya kwa mara ya kwanza maishani. Alikishika kama kitu kinachoweza kuuma. Alifanikiwa kulifungua lile dirisha, na hapo akaiona trei. Mstari mzima wa vitufe ulimtazama.

"Hivi ni nini?"

"Ni vile tulivyovifuta."

"Viko hai?"

"Vyote."

"Hata…" alishusha sauti, "hata Kinachofuata?"

"Huyo pale. Wa tatu kutoka kushoto."

Bwana Chambuso aliachia kipanya haraka, akarudi nyuma hatua mbili. Miaka sita ya vikao ilikuwa imekaa pale chini, haina hata mkwaruzo.

"Tano," alisema Bi Mwatumu. Sauti yake ilikuwa imelowa kidogo.

Mkurugenzi akatoa barua kwenye bahasha. Aliishika kwa vidole vya mikono miwili, juu kabisa, katikati ya nembo.

"Sihaba. Wewe ni mtoto mzuri, na mimi nina binti wa rika lako. Nahesabu tatu tu. Ukivuta, barua hii hapa, tutasema ilikuwa hitilafu. Usipovuta, naichana, na Ngwali atakuwa shahidi."

"Mimi nimo kwenye chai, bosi," alisema Ngwali.

"Tatu," alisema Bwana Chambuso.

"Sita," ilisema simu.

Sihaba alikitazama kipanya. Kilikuwa umbali wa shubiri moja kutoka mkononi mwake, na ule ulikuwa mkono uleule mdogo. Alimfikiria baba yake na Jumapili yake. Akaikalia mikono yake, yote miwili, kama afanyavyo mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Mbili."

"Saba."

Simu ya mkononi ya Bwana Chambuso ilinong'ona kwamba Mheshimiwa ameanza kuwashwa na pua na hathubutu kujikuna.

"Moja," alisema Bwana Chambuso, karibu kwa kubembeleza.

"Nane," alisema Bi Mwatumu, na baada yake akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyefika mlangoni na hataki kuingia ndani upesi.

Karatasi ya serikali ni nzito. Ilichanika kwa mlio mrefu, kutoka kwenye nembo kupita tarehe kupita jina la Sihaba mpaka chini kwenye saini. Ngwali aliweka kikombe chake chini polepole.

"Tisa."

Sihaba alifumba macho. Huko Neema hapakuwa na anayecheka tena. Palikuwa na chumba kilichojaa watu wanaomtazama mtu mmoja akitabasamu nyuma ya ukuta.

"Kumi," alisema Bi Mwatumu. Halafu, mbali kidogo na simu, akimwambia mwingine kabisa, "Haya, baba. Endelea na kazi."

Simu ikakatwa. Vipande viwili vya barua vilikuwa juu ya kaunta, vimeangukia mbele ya kompyuta. Sihaba alivisogeza pembeni kwa kiwiko, ili kipanya kipate njia.